Sufuria Mbili za Mama Elodie

Hakorimana hakumruhusu Inspekta Joséphine-Marie Akilimali kunywa chai kabla ya kunawa mikono. Alimsimamisha mbele ya ndoo yenye bomba, akampa sabuni, akangoja povu lifike kwenye viwiko, kisha akamwambia anawe tena. Joséphine-Marie alikuwa mwaka wa kumi na nne katika upelelezi. Alikuwa amewahi kupokelewa kwa mawe, kwa sala, na mara moja kwa mbuzi mzima. Kwa sabuni, hajawahi.

"Mama OPJ, usikasirike," Hakorimana alisema, akimwita kwa cheo chake cha upelelezi. "Umegusa batri. Hapa kwangu mwenye kugusa batri hakuli, hakunywi, hakamati mutoto, mpaka anawe. Hata mukubwa wa teritware, mutawala wa hapa, atanawa."

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara pale Lushebere, kuvuka tu kambi ya wakimbizi wa vita. Alikuwa akikusanya betri zilizokufa, za pikipiki, za magari na za sola, na kila baada ya miezi kadhaa lori lilizipeleka Goma, na kutoka hapo zikaenda kwenye kiwanda chenye kibali cha kuzifungua. Kwa jirani zake alikuwa mtu wa takataka. Kwa watu wa Mpofi, nusu siku ya pikipiki kutoka hapo, alikuwa muuza sumu.

Hilo ndilo lililomleta Joséphine-Marie. Barua ya chifu Jean-de-Dieu wa Mpofi ilikuwa mfukoni mwake, imeandikwa kwa mkono wa mtu mwenye haraka. Watoto kumi na mmoja wanaumwa. Mjane mmoja, Mama Elodie, anayewauzia watoto maharagwe wakati wa mapumziko ya shule, yuko kwenye kasho, mahabusu ya kijiji, na chifu amemtia humo ili asichomwe, si kwa sababu anajua kosa lake. Jérémie, baba wa mtoto aliye mahututi kuliko wote, ametoa siku: Jumamosi, siku ya soko. Ikifika Jumamosi bila jibu, vijana watamtoa mjane wenyewe, na kufuli ya kasho ya Mpofi haiwezi kuzuia hata mbuzi. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

"Mama Elodie wa Mpofi, unamujua?"

"Namujua. Dada yake anakaa mu kambi hapa. Akikuya kumuona, ananisalimia."

"Alikuya mara ngapi?"

"Tangu mume wake afe, mara tatu."

"Banasema ulimuuzisha maji ya batri."

Hakorimana aliinuka. Alimwonyesha betri zake kwa kidevu. "Tafuta moja yenye kufunguliwa."

Joséphine-Marie alitafuta, maana kazi hii haina njia ya mkato. Alipiga magoti akazipitia zote arobaini na moja. Zilikuwa zimesimama wima juu ya mbao, hakuna iliyolala, vifuniko vimekazwa, vichwa vya nyaya vimefungwa kwa mpira, na kila moja ina namba ya chokaa. Alitikisa kumi. Zote zilikuwa na maji yake.

"Kule kiwandani banapokea batri na maji yake," Hakorimana alisema. "Nikimwaga, bananirudishia. Na tena, yale maji inachoma ulimi. Mutoto akionja tu, analia papo hapo. Batoto ya Mpofi balilia siku ya kwanza?"

"Hapana. Tumbo inawakaza polepole. Wanakuwa weupe. Wawili walianguka kifafa."

Mzaha ukamtoka Hakorimana usoni. "Na mikono? Kuko mutu mukono inalegea, haiinuke?"

"Sijue."

"Uulize, Mama. Goma walitufundisha siku tatu, na siku nzima ilikuwa ya kutuogopesha. Ndani ya batri kuko plomb, ile madini nzito ya risasi. Ikikaa ndani, haina shida. Lakini mutu akivunja batri na kuyeyusha plomb kwake nyumbani, moshi yake na vumbi yake inaingia mu damu ya bantu. Batoto njo banaumia mbele. Ile haina harufu, haina uchungu. Juu ya hiyo sisi hatuvunje, hatuchome."

"Na Mpofi, nani anavunja?"

"Hapo sijue. Najua tu waliniahidi batri kumi na mbili, za kanisa na za sentre de sante, kile kituo cha afya. Ninangoja mwezi wa tatu sasa. Hakuna hata moja ilifika."

Joséphine-Marie aliandika kwenye daftari: betri kumi na mbili. Akamaliza chai, akanawa tena bila kuambiwa, akapanda pikipiki.

* * *

Muuguzi Habineza, mkuu wa kituo cha afya cha Mpofi, ambaye wote humwita Titilere kwa cheo chake, alikuwa mtu wa orodha. Alimwekea inspekta karatasi mezani: majina, umri, siku ya kwanza ya kuumwa, na mtoto alikula wapi. Safu ya mwisho ilikuwa na neno moja lililorudiwa mara kumi na moja. Elodie, Elodie, Elodie.

"Mutoto ya kwanza aliumwa lini?"

"Wiki tano imepita."

"Wiki tano. Papa Titilere, mutu mwenye kutaka kuua mutoto anangoja wiki tano?"

"Hata mimi nilisema vile. Lakini bantu hawanisikie tena. Niliwapa dawa ya minyoo, haikusaidia. Nikawapa ya malaria, haikusaidia. Sasa banasema njo ile sumu ya karuho, yenye kukula mutu polepole."

Alipoulizwa kuhusu mikono iliyolegea, alitikisa kichwa. Kwa watoto hapana. Alipoulizwa kuhusu betri za kituo, alikuna shingo. Zilikufa, akazitoa nje pamoja na za kanisa, na siku moja hazikuwepo. Alidhani chifu amekwisha kuzituma Lushebere. Chifu naye, ilikuja kujulikana, alidhani ni Habineza. Ng'ombe wa wawili hufa kwa njaa, na betri za wawili hupotea mchana kweupe.

Jérémie alikuwa kwenye chumba cha wagonjwa, amekaa kwenye ukingo wa kitanda cha binti yake Naomie. Alikuwa kreza, mchimbaji wa kasiteriti, madini ya bati, kijana wa mabega mapana na kucha zilizoliwa na mchanga. Mtoto, miaka sita, alikuwa amejikunja akishika tumbo. Joséphine-Marie alimtazama mtoto huyo na moyo wake ukauma, akauambia moyo ungoje.

"Kaka Jérémie, nani alikuambia ni Mama Elodie?"

"Hakuna mwenye aliniambia. Bantu kumi balimuona. Anapikaka sufuria mbili. Kubwa, ya batoto yetu. Kadogo, ya mutoto wake Francine. Hajawahi kumupa Francine chakula ya ile kubwa, hata siku moja. Na Francine njo mutoto moja tu mwenye haumwe pale." Alimfunika Naomie vizuri. "Mama OPJ, mutu mwenye kupika sufuria mbili anajua nini iko mu ile moja. Unataka prev gani tena, ushahidi gani?"

Joséphine-Marie aliandika kwenye daftari: sufuria mbili. Ilikuwa hoja nzuri. Angekuwa yeye ndiye mama wa Naomie, pengine angeiamini.

"Nipe mpaka Jumamosi yenyewe," alisema. "Usinikatie saa."

"Jumamosi saa sita. Soko ikijaa."

* * *

Kasho ya Mpofi ilikuwa chumba kimoja cha mbao nyuma ya ofisi ya chifu. Mama Elodie alikaa chini, miguu imenyooshwa, kitambaa cheusi cha matanga bado mkononi. Alikuwa ametoka Buleusa kuolewa hapa miaka tisa iliyopita, na miaka tisa yote watu wa Mpofi walikuwa bado wanamwita mgeni.

"Mama, ni kweli unapika sufuria mbili?"

"Ni kweli."

Joséphine-Marie alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikaa naye chini. "Juu ya nini?"

"Francine alifuata mapacha. Mapacha yangu yalikufa, yeye njo akazaliwa. Kwetu, mu nyumba ya bibi yangu, mutoto mwenye kufuata mapacha hakuli chumvi ya majivu mpaka meno yake ya kwanza ianguke. Ni mwiko. Niko mukristo, nilibatizwa, lakini nilizika wawili. Sikutaka kujaribu."

"Kwa hiyo Francine anakula chumvi gani?"

"Ya duka. Iko na bei, njo maana sipikie watu wote."

Joséphine-Marie alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, kwa watu wa maziwa na viazi, na chumvi kwao ilitoka dukani. Ilibidi aombe afundishwe. Elodie alimweleza kwa subira, kama mwalimu, ingawa amefungiwa. Unachoma maganda ya ndizi mpaka yawe majivu. Majivu unayatia kwenye chungu chenye matundu, chini umetandika jani. Unamimina maji juu, yanachuruzika taratibu, ya rangi ya chai. Hayo maji ndiyo chumvi. Yanalainisha maharagwe upesi na kuni zinabaki.

"Sasa unijibu vizuri, moja moja. Mu sufuria kubwa na mu kadogo, maharagi iko tofauti?"

"Moja."

"Maji ya kupikia?"

"Ya chemchemi moja."

"Mafuta?"

"Mise moja, mawese ile ile."

"Kwa hiyo tofauti ni chumvi tu."

"Chumvi tu, Mama."

Kalamu ilisimama. "Miaka yote unapika na chumvi ya majivu, na batoto hawakuumwa. Wiki tano nyuma, nini ilibadilika?"

Elodie alifikiri. Aliangalia kitambaa cha mkononi mwake. "Ndizi zilipata ugonjwa, zikaoza shambani. Maganda yakapotea. Lakini matanga ya mume wangu ilikuwa inaisha ile wiki, nikawa mujane wa kweli, na majivu ya fundi ni ya bajane."

"Majivu ya fundi?"

"Ya Papa Léopold, mwenye kufua majembe. Ni desturi ya hapa. Fundi wa vyuma hauzishi majivu ya moto wake. Anaachia bajane, bafagie, bapeleke. Hata mujane mugeni hanyimwe." Alitabasamu kidogo, na lilikuwa tabasamu la kweli. "Ilikuwa siku ya kwanza watu wa Mpofi wananipa kitu."

Joséphine-Marie aliinuka polepole. Alihisi mzigo umetikisika kifuani mwake, haujaanguka bado. Alimwomba Elodie amwambie chungu cha majivu kiko wapi, na kama kuna majivu ya zamani yaliyobaki. Yalikuwepo, ya maganda ya ndizi, kwenye kibuyu juu ya mlango. Alimtuma chifu alete chungu na kibuyu na asimruhusu mtu kuvigusa.

* * *

Léopold alimsalimia kwa kumpa kifundo cha mkono, kama afanyavyo mtu mwenye vidole vichafu. Joséphine-Marie alikishika kifundo hicho, akamshukuru, akakaa kwenye kigogo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi. Moto wa fundi ulikuwa umezimwa, na palikuwa pamefagiliwa mno kwa mahali pa kazi.

"Papa Léopold, unafua nini siku hizi?"

"Majembe. Panga. Kama siku zote."

"Nionyeshe jembe moja."

"Zote ziliuzwa."

Nyundo kubwa ilikuwa imeegemea ukuta, na buibui alikuwa amefunga uzi kutoka mpini mpaka sakafuni. Joséphine-Marie alimtazama buibui huyo kwa heshima. Shahidi asiyekula rushwa.

"Betri kumi na mbili za kanisa na za sentre, unazijua?"

"Betri? Hapana, Mama. Mimi ni mutu wa chuma."

"Sawa. Niletee maji, tunawe. Nilishika majivu."

Walinawa pamoja kwenye karai moja. Alipomaliza kujikausha, akamnyooshea mkono amuage. Mkono wa Léopold ulikuwa safi sasa, hauna sababu ya kujificha. Bado alitoa kifundo. Joséphine-Marie hakukipokea, na mkono ulining'inia hapo hewani, kiganja kimeanguka chini, vidole havikuinuka ingawa alionekana wazi akivilazimisha.

"Tangu lini haiinuke?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mzee alikaa. "Mwezi moja."

"Papa yangu, mimi sikukuya juu ya bunduki. Najua plomb kwa msitu inafanya kazi gani. Inaingia mu bunduki, siyo? Uliyeyusha batri ukafanyia wawindaji masasi."

"Batanifunga kasho miaka kumi kwa ile," Léopold alisema. "Pupu, ile bunduki ya kienyeji, lwa ya serikali inakataza. Lakini watu wanataka nyama, na chuma hakuna tena mutu ananunua, jembe ya duka iko rahisi. Nikavunja tatu. Nilikuwa natia plomb mu moto ule ule, na makaa."

"Na majivu?"

"Bajane wanafagia." Alisema hivyo, na alipokwisha kusema, akasikia alichosema. Uso wake ulibadilika. "Mama OPJ. Majivu ni majivu."

"Uliyeyusha mara ya kwanza lini?"

"Wiki sita. Saba." Alijifunika uso kwa mkono mzima. "Batoto ya watu. Nilikuwa napita mbele ya kasho kila siku, nikasema moyoni, huyu mwanamuke iko na roho mubaya gani. Nilikuwa naogopa juu ya pupu tu. Hakuna mutu aliniuliza juu ya majivu."

Hapo alikuwa amesema kweli. Watu wazima wote wa Mpofi walitafuta moyo mbaya, na hakuna aliyetafuta moto. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, Joséphine-Marie alizikuta betri tisa nzima, na vipande vya tatu vilivyopasuliwa kwa shoka. Aliziandika zote. Alimwambia fundi asiondoke kijijini, ingawa ilikuwa wazi hawezi kwenda popote na mkono ule, na kwamba Jumatatu atapanda gari na watoto kwenda hospitali ya Masisi.

"Kama mufungwa?"

"Kama mugonjwa. Ya bunduki tutazungumuza ukipona."

* * *

Maungamo ya mzee yangetosha mahakamani. Sokoni yasingetosha, na Joséphine-Marie alilijua hilo. Wangesema amelipwa, au amerogwa na mjane. Alilala akilifikiria, akaamka nalo, na alipokuwa akipita kando ya mto akawaona vijana wawili wakichekecha mchanga kwenye karai, kazi wanayoijua hapa tangu wakiwa wadogo, ndipo akacheka peke yake njiani.

Jumamosi saa sita soko lilikuwa limejaa, na nusu ya watu hawakuja kununua. Jérémie alisimama mbele na vijana ishirini. Joséphine-Marie aliweka juu ya meza ya muuza samaki chungu cha Elodie, kibuyu cha majivu ya zamani, na makarai mawili ya maji.

"Natafuta kreza," alisema. "Mwenye kuosha vizuri kuliko wote hapa."

Watu walimtazama Jérémie. Hakuna aliyebishana.

"Mimi sikukuya kuosha majivu," Jérémie alisema. "Nilikuya juu ya jibu."

"Jibu iko ndani. Mimi nikiosha, utasema ni janja ya polisi. Uoshe weye. Mukono wako, jicho yako. Usipopata kitu, mulango ya kasho iko wazi na mimi narudi kwetu."

Chifu Jean-de-Dieu alikohoa kwa nguvu, maana hilo hawakupanga. Jérémie alikunja mikono ya shati.

Alianza na kibuyu. Alitia majivu kwenye karai, akazungusha, akamwaga maji machafu kwa ukingo, akazungusha tena. Mikono yake ilifanya kazi bila yeye, kama mikono ya mama anayepepeta mchele. Mwishoni palibaki mchanga kidogo na kipande cha kaa.

"Hakuna kitu."

"Sasa ya chungu."

Alizungusha. Maji ya kijivu yalimwagika, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne aliacha kumwaga. Aliinamisha karai kuelekea jua, akalitikisa kwa ncha za vidole, na wachimbaji wenzake wakasogea bila kuitwa, kwa sababu walijua maana ya kutikisa kule. Chini ya karai palikuwa na mkia mweusi wa chembe nzito, zimeshika chuma cha karai na kukataa kwenda na maji.

"Ni kasiteriti?" mtu aliuliza.

"Haiko kasiteriti." Jérémie aliokota chembe moja na kuinua mkono kuelekea mdomoni, kuing'ata, kama wafanyavyo kwenye machimbo.

Joséphine-Marie alimshika kifundo. "Usitie mu kinywa."

Jérémie akatumia ukucha. Ukucha ulizama kwenye chembe, ikang'aa. Aliigeuza juani. "Ni plomb," alisema. "Ile ya masasi. Inafanya nini mu majivu ya chumvi?"

Ndipo Joséphine-Marie akawaeleza, bila kupamba: betri, moto, desturi ya wajane, mwiko wa mapacha. Léopold alisimama pembeni, akainua mkono wake unaoning'inia ili wauone, akasema mwenyewe, "Ni moto yangu. Yeye hakujua, na mimi sikujua." Muuguzi Habineza alisoma ujumbe wa daktari wa Masisi, ambaye alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo. Watoto waache chumvi ile mara moja. Walioanguka kifafa wafike hospitali kwanza, wengine wafuate, dawa ya kutoa madini ya risasi mwilini inaombwa Goma. Wamewahi, daktari alisema. Wangengoja miezi mingine miwili, asingesema hivyo.

"Hata Naomie?" Jérémie aliuliza.

"Jina yake njo nilimutajia ya kwanza," Habineza alisema. "Alisema aletwe leo. Pikipiki ya kanisa inangoja, mama yake atamubeba, atalala Masisi usiku huu."

Jérémie aliweka karai chini kwa uangalifu mkubwa. Mabega yakamshuka, akapumua kwa kelele, na watu wengine nao wakapumua, soko zima, maana hakuna mtu anayefurahi kweli kuishi na mchawi jirani. Joséphine-Marie alifunga daftari. Alikaa kwenye kiti cha muuza samaki, akaona furaha imemjaa, na hakuificha.

Hakorimana, kwa simu, alitoa amri zake: betri tisa zisiguswe, zisimamishwe wima, atazifuata mwenyewe Jumatatu. Majivu yote na udongo wa juu wa kiwanda cha fundi viwekwe kwenye pipa lenye kifuniko. Waliokusanya wanawe. "Mara mbili," alisema, na simu ikakatika.

* * *

Mlango wa kasho ulifunguliwa, lakini Mama Elodie hakutoka.

"Karatasi yako iko sawa, Mama OPJ," alisema kutoka gizani. "Lakini mutu mwenye walisema iko na sumu, karatasi haimusafishe. Nikitoka hivi, watanisalimia asubuhi na kuvuka ngambo ya barabara mangaribi. Kwetu kuko namna moja tu. Wakule chakula yangu."

Joséphine-Marie alimgeukia chifu. Chifu aliitikia kwa kichwa. Ni kweli, alisema, ndivyo ilivyo.

Basi Elodie akatoka, akapikia pale pale mbele ya ofisi, kwenye sufuria aliyoazimwa na mke wa chifu. Maharagwe ya kuloweka, mafuta ya mawese, chumvi ya duka. Watu walikaa chini wakingoja, na walingoja saa mbili, maana bila chumvi ya majivu maharagwe hayana haraka. Alipopakua sahani ya kwanza, aliiweka kwenye mkeka, akarudi nyuma hatua tatu, mikono nyuma. Hakuna aliyesogea. Kusadiki kwa kichwa ni kitu kimoja, na kusadiki kwa tumbo ni kingine.

Joséphine-Marie akanyoosha mkono. Chifu akamzuia.

"Mukono ya serikali haihesabiwe, Mama."

 Elodie alitazama ardhi. Francine, ambaye jirani mmoja alikuwa amemtunza siku sita zote, alitaka kumkimbilia mamaye, akashikwa.

Jérémie alitoka katikati ya vijana wake. Alikuwa ametoka kunawa, maji yakichuruzika kwenye viwiko. Alipiga magoti kwenye mkeka, si kwa heshima, kwa njaa tu ya mtu aliyekesha wiki nzima kitandani pa mgonjwa, akachota kwa vidole, akala. Alikula bila kumtazama mtu. Watu walifuata koo lake likimeza. Alikula mpaka sahani ikaonyesha rangi yake, kisha akaiinua kwa mikono miwili, juu, kuelekea kwa mwanamke ambaye leo saa sita angekuja kumtoa kwa nguvu.

"Mama Elodie," alisema, akainua sahani zaidi. "Mama Elodie, uongeze."

Elodie aliipokea sahani. Siku sita hakuwa amelia mbele yao hata mara moja, lakini sasa alilia huku anapakua, bila kujificha. Nyuma ya Jérémie watu walikuwa wamekwisha kuanza kunawa.